Mwaka wa Mche wa Sabuni

Robi alinipigia simu nikiwa naparua sato jikoni kwangu, Nyakato. Mikono ilikuwa imejaa magamba, kwa hiyo mjukuu wangu Neema alinishikia simu sikioni. "Mke mwenzangu," alisema Robi, "mume wetu ametuacha." Nikakaa chini kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anawaza masufuria ya msibani yatatoka wapi. Alinieleza kwamba Bibi Wegesa alifariki asubuhi baada ya kuomba uji na kuusifia, kwamba mazishi ni kesho huko Mugeta, na kwamba nisithubutu kukosa. Neema alisikia yote. Simu ilipokatika akanitazama kama polisi. "Bibi, si babu alikufa zamani? Huyu mume mwingine umemtoa wapi?" Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na yule sato akabaki na magamba upande mmoja.

Huyo mume alikuwa mwanamke. Kwetu Mara jambo hili halimshangazi mtu mzima, ila watoto wa siku hizi inabidi uwaeleze. Mwanamke mwenye mifugo yake, ambaye hakujaliwa mtoto, anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto ambao binti yule atawazaa na mwanamume wa pembeni wakawa wa nyumba yake na wakabeba jina lake. Wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Wegesa wa Mugeta alikuwa mjane, alikuwa na zizi lililojaa, na mwaka ule ninaotaka kuusimulia alinitaka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho duniani ni kwamba naweza kuimba.

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo Musoma, idara ya kufuma. Nasema mfanyakazi, lakini mwaka ule tulifanya kazi nusu ya wiki, nusu nyingine mashine zililala kwa kukosa vipuri. Kiwanda cha nguo, na sisi tuliokuwa ndani yake tulivaa viraka. Nilipanga chumba kimoja na Sabina, msichana mnene wa miguu mifupi, mcheshi asiyejua kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Kile chumba bado nakiona: kitanda kimoja cha kamba, ndoo mbili, na kamba ya nguo iliyokatiza ukuta hadi ukuta, juu yake gauni zetu zenye harufu ya majani ya mpapai. Ndiyo tuliyofulia. Sabuni ilikuwa imepotea mjini kabisa. Tuliponda majani ya mpapai, tukakamua, tukasugulia nguo mpaka zikawa na rangi ya kijani isiyotoka. Chai tulikunywa bila sukari, na Sabina alikuwa na mtindo wa kukoroga kikombe kitupu na kijiko kwa muda mrefu, akisema sikio likidanganyika na ulimi utafuata. Tulikula ugali wa muhogo na mtama kwa dagaa. Furu, wale samaki wadogo watamu wa utoto wetu, walikuwa wameanza kutoweka ziwani, na sangara waliokuja badala yao tuliwaona wana mafuta kama mshumaa. Siwezi kusema tulikuwa na huzuni. Tulikuwa na njaa ya vitu, ambayo kwa vijana huwa inageuka haraka kuwa mzaha.

Mzaha wetu ulipata baba siku Mafuru alipotukuta kantini tukiwa hatuna kazi. Mafuru alikuwa fundi wa mashine, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, anayeongea polepole kama anayeogopa kuvunja kitu. Alikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake mbili zilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha utamaduni ambacho kazi yake ilikuwa kuwaimbia wageni ngoma wakija kukagua. Mafuru alikuwa amechoka. "Wageni wenyewe hawaji tena," alisema. "Tutengenezeni mchezo wetu. Wa kucheka, na nyimbo ndani." Akatunga mwenyewe. Aliuita Mahari ya Sabuni.

Hadithi ya mchezo ilikuwa nyepesi. Mzee mmoja mkali anataka ng'ombe kwa binti yake. Kijana mlanguzi hana ng'ombe hata mmoja, ila ana mche wa sabuni. Mzee anamfukuza, lakini sabuni inabaki mlangoni, na mzee, baada ya kuizunguka mara nyingi kwa tamaa, anajificha nyuma ya nyumba na kuoga. Anafumwa na povu kichwani. Basi jukwaa zima linamwimbia:

Ng'ombe wanakohoa, mzee,
sabuni inanukia,
aliyeoga povu langu
posa ameitikia!

Mafuru alikuwa mzee, Sabina mama mtu, mimi bibi harusi. Povu tulilitengeneza kwa pamba ya kiwandani. Kuelekea mwisho nilikuwa na wimbo wangu peke yangu, unaitwa "Siendi". Binti anawakataa wote, baba na ng'ombe zake, kijana na sabuni yake, mpaka aulizwe yeye anataka nini. Katika mazoezi niliuimba vizuri bila kuufikiria. Ulikuwa juu kidogo kwa sauti yangu, na kazi yote niliyoiona pale ni kufika kwenye ile noti ya juu bila kukwaruza. Sikuwa na mtu wa kumwambia siendi. Maneno yalikuwa ya Mafuru.

Tulipakiwa kwenye lori la kiwanda, lililokuwa linakwenda Bunda kuchukua pamba, na dereva akakubali kuzunguka mpaka Mugeta kwa sababu alikuwa na ndugu huko. Tuliigiza mchana, ndani ya ghala la pamba, jukwaa likiwa marobota na pazia likiwa turubali. Watu walijaa mpaka madirishani. Sijawahi tena kusikia kicheko kama kile. Mafuru alipotoka na pamba kichwani, mama mmoja alianguka chini na mtoto wake mgongoni, wakainuliwa wote wawili bado mama anacheka. Walikuwa wanacheka ufukara wao wenyewe, nafikiri, na walikuwa wanashukuru kwamba mtu ameutaja kwa sauti. Mbele kabisa, kwenye kiti chake alichokuja nacho kutoka nyumbani, alikaa mwanamke mwenye kofia ya kiume na mabuti ya mpira, akinusa ugoro. Hakucheka sana. Nilipoimba "Siendi" aliinamisha kichwa kama watu wanavyofanya kanisani.

Tulipomaliza, yule mwanamke alinyanyuka, akapanda marobota, akasimama mbele yangu. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua. Mche mzima wa sabuni, mpya, wa kahawia, una kona zake zote. Akaniwekea mikononi, nami nikapokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama nilivyofunzwa kumpokea mkubwa. Vigelegele vikapasua bati. Sisi wa mjini tulijua maana yake: katutunza. Msanii akifurahisha anatunzwa, mwingine hupewa kanga, mwingine kuku. Hata hatukusubiri kufika Musoma. Sabina alikata mche ule kwa uzi, kila mtu kipande chake, na pale kwenye bomba la nyuma ya ghala kikundi kizima kikaoga, wanaume upande huu, wanawake upande ule wa turubali, dereva naye akadai chake. Nakumbuka nilivyonusa mkono wangu njia nzima ya kurudi. Niliona nimekuwa mtu tajiri.

Washenga walifika kijijini kwetu Bukima siku chache baadaye. Nilikuwa nimeenda kumsalimia Baba, na nilikuwa chumba cha jikoni nachambua dagaa niliposikia wanaume wawili wakijitambulisha kuwa wametumwa na Wegesa wa Mugeta. Ukuta kati ya jikoni na sebuleni ulikuwa wa fito na udongo, ulipitisha kila kitu. Wakasifia ziwa, wakasifia nyumba, kisha mmoja akakohoa. "Mzee, sisi tumekuja na neno la mama yetu. Yule binti yako alipewa sabuni mbele ya watu, akapokea na mikono miwili, akapiga na goti. Na hiyo sabuni ameioga." Baba akauliza sabuni gani. Wakamweleza mchezo wote, mpaka wimbo wakamwimbia, wale wanaume wazima wawili, kwa sauti ya msibani: aliyeoga povu langu posa ameitikia. Nilibana mdomo nisicheke. Kisha nikagundua kwamba upande wa pili hakuna anayecheka. "Mama anajuaga ule ni mchezo," alisema yule mwingine. "Lakini anasema watu walikuwa pale, na binti hakusema hapana. Yeye hana mtoto. Ng'ombe anazo. Anamtaka huyo huyo anayeimba." Halafu nikamsikia baba yangu, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa na ambaye nyavu zake zilikuwa hazina uzi wa kuzishonea, akisema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwambieni azilete tuzione." Dagaa walinimwagika. Mpaka leo nikisikia mtu mzima akiongea kwa upole namna ile, natazama mlango uko wapi.

Sikumwambia Baba kitu. Hilo ndilo ambalo mjukuu wangu hawezi kulielewa, na nimeshachoka kumweleza. Niliogopa, basi. Binti hakuwa na mdomo mbele ya baba yake katika jambo la ng'ombe. Baba hakuniuliza, na mimi sikuwa na njia ya kujibu swali lisiloulizwa. Nikamwandalia chakula, nikamnawisha mikono, nikarudi Musoma na kulia kwenye kitanda cha kamba mpaka Sabina akasahau utani wake wote.

Sabina ndiye aliyetoa wazo la kurudisha sabuni. Kitu kilichopokelewa kikirudishwa mzima, alisema, hapo neno limekufa. Wazo zuri, isipokuwa mji mzima wa Musoma ulikuwa hauna mche wa sabuni. Tulikwenda duka la ushirika, tukakuta muuzaji kakaa peke yake na makopo ya dawa ya viatu. Tukamwuliza mlanguzi mmoja wa kweli, akaapa kwamba yeye mwenyewe anaoga kwa majivu. Tulisimama foleni moja ndefu sokoni bila kujua inauza nini, na tulipofika mbele zilikuwa betri za redio. Mafuru alinyong'onyea. Alijiona ameniuza kwa wimbo, na alitaka kufuta onyesho letu lililobaki, la Butiama. "Nilikuwaga nafikiri maneno ya mchezo yanabaki kwenye mchezo," aliniambia, akifuta gitaa kwa kitambaa chenye grisi. "Kumbe watu walikuwa wanasikiliza." Mimi ndiye niliyekataa tufute. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuimba mara moja zaidi kabla ya zizi la mtu kunimeza.

Butiama tuliigiza kwenye uwanja wa shule, saa za alasiri, mawe makubwa ya vilima yakiwa nyuma yetu na watu wengine wamekaa juu ya hayo mawe. Nilichungulia kwenye tundu la turubali, nikamwona Wegesa mbele kwenye kiti chake, kofia ile ile. Kando yake, kwenye benchi, amevaa koti lake la kanisani, Baba. Amekuja kuona kile kinachoombwa. Wegesa alikuwa anampa ugoro na wanaongea kama watu waliojuana miaka. Sabina alinishika kiuno kwa nyuma na kunisukuma jukwaani, la sivyo nisingetoka.

Mchezo ulikwenda. Watu walicheka pale wanapocheka wote, na Baba, nilimwona kwa jicho la pembeni, alicheka povu la Mafuru mpaka akajipiga paja. Kisha gitaa likabadilika, ikafika zamu yangu. Nilianza "Siendi" kwa sauti ndogo. Kwenye ubeti wa pili nilipaswa kumgeukia Mafuru, baba wa mchezo. Sikumgeukia. Niligeuka kwa watu, nikaimba nikiwatazama wale wawili, siendi, baba, siendi, na sauti ikatetemeka, na ile noti ya juu sikuifikia kabisa, ilivunjika katikati. Mafuru akaacha kupiga. Hapo ndipo Wegesa aliposimama, akiwa ameshika kofia mkononi.

"We binti," alisema, bila kupaza sauti. "Hiyo siendi ni ya mchezo au ni yako?"

Watu wakacheka, wakidhani naye ni mwigizaji. Nikasema, "Ni yangu, mama."

"Unanikataaga kwa nini? Kwa sababu ni mwanamke?"

"Hapana, mama."

"Kwa sababu ni mzee?"

"Hapana. Sijaulizwa."

Kicheko kilikatika. Wegesa aligeuzageuza kofia. "Ni kweli," alisema mwisho. "Niliulizaga baba yako. Wewe nilikupa sabuni tu." Akatazama watu walioko kwenye mawe, kisha mimi. "Nyumba yangu iko kimya, binti yangu. Tangu mume wangu afe hakuna anayeimba mle ndani. Watoto ni kweli ninawataka. Lakini siku ile pale Mugeta nilisikia sauti yako, nikasema hii ndiyo itaondoa kimya kwangu. Sasa nakuuliza mwenyewe, mbele ya hawa. Unakuja?"

Laiti angekuwa mtu mbaya, ningejibu haraka. Nilimpenda pale pale, sijui niseme vipi. Nilimpenda na sikutaka kwenda. Nikapiga goti kama siku ile ya sabuni, nikasema, "Siendi, mama." Bila kuimba.

Alivaa kofia yake. Akamgeukia Baba. "Mzee, alipokea mbele ya watu, amekataa mbele ya watu. Limeisha. Ng'ombe zangu zitalala kwangu." Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisubiri hasira. Alichofanya ni kuvua koti lake la kanisani, akaja mpaka jukwaani na kunifunika mabegani, maana nilikuwa natetemeka kweli kweli, na kuniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia." Sijawahi kumsamehe neno hilo, na sijawahi kulipenda neno jingine kama hilo. Nyuma yetu Wegesa alikuwa anadai mchezo umalizwe, hakutoka Mugeta kuja kuona nusu.

Muda si mrefu baada ya hapo mipaka ilifunguliwa. Mitumba ikajaa Musoma, sabuni za kila rangi zikapangwa barabarani hadi tukazikanyaga. Tulijaribu kuigiza Mahari ya Sabuni tena pale kantini, na hakuna aliyecheka. Vijana walitutazama wakingoja sehemu ya kuchekesha. Mafuru alifunga gitaa kwenye gunia. Kiwanda nacho kikaja kufungwa, Sabina akaolewa mbali, na sisi tuliokuwa tumechoka na uhaba tukaanza kuchoka na wingi tusioweza kuununua. Mimi niliolewa na mwalimu wa kwaya, kwa hiari yangu, naye hakuniimbia vibaya miaka yote ile.

Wegesa alimwoa Robi, na aliniita Mugeta kuimba siku ya harusi. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwamba ninamwimbia msichana wimbo wa mtego nilioukwepa mwenyewe. Jikoni, tukigeuza nyama, nilimwuliza Robi kama ameulizwa. "Ameniuliza mara nyingi mpaka nikachoka," alisema. "Kwetu hakuna kitu, dada. Hapa kuna maziwa." Sikujua kama hilo ni jibu. Bado sijui. Lakini Robi alizaa watoto wanne, wote wanaitwa kwa jina la Wegesa, na kila nilipokwenda kuwatembelea alinipokea kwa utani ule ule: karibu mke mkubwa, nafasi yako nimeikalia, ukiitaka useme. Wegesa naye, kitini kwake, alikuwa akiniamuru niimbe kabla sijapewa hata maji ya kunywa.

Jana tumemzika. Uwanja ulijaa, ng'ombe walilia zizini, na msemaji wa ukoo, kijana mwenye kipaza sauti, alipofika kwenye kuweka udongo akaita watoto wa marehemu, kisha akaita mke wa marehemu. Robi alisimama. Badala ya kwenda kaburini alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa na wageni wa Musoma, akanishika mkono. "Robi, usifanye hivyo," nilinong'ona, "mimi nilikataa." Yeye akanivuta tu. Msemaji akashusha kipaza sauti akauliza huyu mama ni nani, maana hayupo kwenye utaratibu. "Huyu ndiye aliogaga sabuni yake," alisema Robi. Wazee wa pale walicheka, msibani, bila aibu, na mmoja akaanza kuuimba ule wimbo wa Mafuru. Kisha wote wakaniangalia mimi. "Unakuja?" akauliza Robi.

Nikaenda naye. Nilipiga goti, nikachota udongo kwa mikono miwili, mbele ya watu, nikaimba.